Sanduku Nililokataa Kulitoa

Ninyi mnaokaa nyuma ya kaunta na kupokea mizigo ya watu, nisikilizeni kidogo. Sijui kama kazi yenu bado inafanana na yangu. Siku hizi mzigo unapigwa picha kwa simu, namba inatumwa, na mwenyewe anajua umefika Kahama kabla basi halijazima injini. Sisi tulikuwa na mizani, kalamu, kamba ya katani na karatasi ngumu iliyokatwa vipande viwili. Kipande kimoja kilifungwa kwenye mzigo, kingine aliondoka nacho mwenye mzigo. Nilifanya kazi hiyo katika stesheni moja ndogo ya reli hapa Shinyanga, tangu ndevu zangu zikiwa za kuhesabu mpaka nilipostaafu. Jina la stesheni sitalitaja, maana kosa ninalotaka kulisimulia lilikuwa langu mimi, si la stesheni.

Naitwa Mabula. Hapa Nyahanga, Kahama, wananiita Baba Holo, kwa jina la binti yangu wa kwanza, fundi cherehani, ambaye ndiye ninayeishi naye. Asubuhi moja mwaka huu Holo aliingia na chai akasema, "Baba, ile stesheni yako wameikarabati. Wameifanya makumbusho."

"Makumbusho ya nini?"

"Ya mambo ya zamani ya huku kwetu."

"Basi nipelekeni na mimi wakaniweke."

Alicheka, lakini Jumamosi iliyofuata alifunga cherehani yake akanipeleka.

Niseme ukweli, wameifanyia kazi nzuri. Kuta zimekwanguliwa na kupakwa rangi ileile ya zamani, vigae vilivyovunjika vimebadilishwa, hata benchi la abiria limerudishwa mahali pake. Jukwaa limefagiliwa likawa safi kuliko siku yoyote ya kazi zetu. Kitu walichoshindwa kukirudisha ni harufu. Enzi zetu ungefumba macho ukajua uko wapi: ngozi za ng'ombe, marobota ya pamba, dagaa wa Mwanza, jasho la watu waliolala ndani ya behewa wakitokea Tabora. Sasa pananuka rangi mpya tu.

Alitupokea binti mmoja, Pendo, mwenye fulana ya makumbusho. "Shikamoo babu." "Marahaba mama." Akatuzungusha. Tulipofika kwenye mizani yangu akasema, "Hii ni mizani. Zamani walikuwa wanapimia abiria. Wanene walilipa zaidi."

Nilicheka mpaka Holo akanishika mkono. Nikamwambia Pendo kwamba hatukuwahi kumpima mtu, ingawa wapo ambao wangestahili. Akajaribu kuisukuma ile mizani, ikakataa. "Imekufa, babu." Nikaipiga teke dogo kwenye kona ya kushoto, pale pale nilipokuwa nikiipiga kila kiangazi vumbi likiingia. Ikacheza. Kuanzia hapo hakuniita babu tena, akawa ananiita mwalimu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mzee Athumani. Nilipoanza kazi yeye ndiye alikuwa karani mkuu wa mizigo, mtu wa Tabora, mfupi, kofia haimtoki kichwani. Alinifundisha kutouliza mtu amebeba nini kabla sijainua kona moja ya mzigo. "Ukiinua kona, mzigo wenyewe utakwambia. Mwenye mzigo atakudanganya." Gunia la mpunga hulala mkononi, gunia la karanga hukimbia. Sanduku la nguo likipigwa kofi hunyamaza, la vyombo hujibu. Alinifundisha pia kufunga fundo linalokaza likivutwa upande mmoja na kufunguka likivutwa upande mwingine. Fundo hilo nalifunga mpaka leo, hata kwenye kamba ya mbuzi.

Siku niliyopuuza kona ndiyo siku nilipotoka jasho. Walikuja wacheza ngoma, wakaacha boksi la mbao lenye matundu, wakasema ni nguo za ngoma. Nikaandika nguo za ngoma. Mchana nikasikia kitu kinakwaruza. Nikajua ni panya, watazitoboa nguo za watu, nikafungua kifuniko. Chatu alinyanyua kichwa akanitazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni asiyejua adabu. Nilijikuta juu ya kaunta, viatu chini. Stesheni masta alijifungia kwenye chumba cha tiketi, akaendelea kuuza tiketi kupitia dirishani kana kwamba hakuna kitu. Mzee wa wale wachezaji alipofika, alimkunja chatu wake taratibu kama anayekunja shuka, akatulaumu, "Mmemwamsha bure." Mzee Athumani alichukua daftari, akafuta nilivyoandika, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: nguo za ngoma, moja, hai.

Lakini kosa langu kubwa la ujana halikuchekesha. Alikuja bwana mmoja amevaa suti, anaongea Kiswahili kilichonyooka, akasema kipande chake cha karatasi kimepotea na ana haraka. Nikampa begi. Jioni akaja mwalimu wa shule, mwanamke, kipande mkononi, kutafuta begi hilohilo. Vyeti vyake vyote vilikuwa humo. Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji akalia bila sauti. Barua ya onyo akapewa Mzee Athumani, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wangu. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akaniita.

"Mabula. Sema: bila stakabadhi, mzigo hautoki."

"Bila stakabazi, mzigo hautoki."

"Stakabadhi."

"Stakabazi."

Ulimi wetu Wasukuma mnaujua. Akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Kuanzia siku ile neno lile nililishika kama watu wanavyoshika sala. Miaka ikaenda, Mzee Athumani akastaafu akarudi kwao, nikakaa kwenye kiti chake. Kanuni nikabaki nayo. Yeye hakuwepo tena wa kumwuliza ni lini inalegezwa.

Sasa turudi makumbusho. Pendo alitupeleka kwenye chumba cha mizigo, na humo, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, lilikuwepo sanduku la bati la kijani lenye ua jekundu kifuniko kizima. Kona moja imebonyea. Kwenye mpini wake ilining'inia karatasi ngumu iliyofungwa kwa kamba ya katani, na fundo lile lilikuwa langu. Pembeni wameandika: Sanduku la msafiri. Mwenyewe hajulikani.

Nikaomba kiti.

"Baba, vipi?" Holo akaniuliza. "Presha?"

"Anajulikana," nikasema. "Mwenyewe anajulikana."

Alikuwa kijana wa upande wa Nzega, jina lake Limbu. Alishuka na treni ya kutoka Tabora siku zile ambapo kila mwenye miguu alikuwa anakwenda Geita, kwa kuwa habari za dhahabu zilikuwa zimevuma. Aliogopa kuibiwa sanduku kambini, akaniachia mimi. Tuliongea kidogo, nikampa kipande chake, akapanda lori la kwenda Runzewe, upande huohuo wa Geita. Alisema atarudi mvua zikianza.

Mvua zilianza zikakatika. Aliyekuja ni mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alinisalimu kwa kupiga magoti, nikiwa nyuma ya kaunta na watu foleni nyuma yake. Jina lake Nkwimba.

"Baba, nimefuata sanduku la mume wangu. La kijani, lina ua."

"Stakabadhi?"

"Alikuwa nayo yeye."

"Basi aje yeye."

Akamweka sawa mtoto mgongoni, halafu akasema, "Duara lilimfunika. Walichimba siku nne wakaacha. Yuko hukohuko chini na hiyo karatasi yako."

Duara ni shimo la wachimbaji, kwa asiyejua. Watu wa foleni wakaanza pole, pole. Mimi pia nilisema pole. Kisha nikasema bila stakabadhi, mzigo hautoki.

"Sitaki sanduku lote," akasema. "Nguo ziacheni. Ndani kuna picha yake, alipiga studio Tabora. Sina nyingine. Vunja kufuli mbele ya watu hawa wote. Usipoikuta hiyo picha, niite mwizi."

Vijana, nilikuwa na nyundo chini ya kaunta. Ninasema hivi ili msije mkadhani sikuwa na njia. Sanduku lilikuwa hatua tatu nyuma yangu. Lakini nilimkumbuka yule mwalimu na vyeti vyake, nikakumbuka barua ya onyo, na kuna jambo la tatu ambalo sikuwahi kulikiri kwa mtu yeyote: foleni ilikuwa inanitazama, na mimi nilipenda kuonekana mtu mwenye msimamo. Nikamwambia alete barua ya mtendaji wa kijiji, yenye mhuri. Aliuliza mara mbili mtendaji yupi, wa Nzega walikofunga ndoa au wa huko mumewe alikofia. Nikasema yeyote. Nikaandika kwenye daftari kwamba anaishi Runzewe, kwa kaka yake fundi baiskeli. Alikaa kwenye benchi la abiria mpaka alasiri, akamnyonyesha mtoto, akaondoka. Hakurudi.

Mizigo isiyo na mwenyewe ilikuwa na utaratibu wake: muda ukipita, inauzwa kwa mnada. Kila mnada ulipokuja nililisukuma lile sanduku nyuma ya mizani na kulifunika gunia. Sikuliuza, sikulifungua, wala sikupanda gari kulipeleka Runzewe. Niliona kulificha tu ni wema wa kutosha. Treni zikapungua, stesheni ikafungwa, nikastaafu. Nikaliacha palepale.

Nilipomaliza kuwasimulia, Pendo alikuwa amekaa sakafuni.

"Mlipolifungua," nikamwuliza, "mlikuta picha?"

Alinyanyuka akatuongoza mpaka ukumbini, kwenye ukuta wa karibu na mlango tuliouingilia. Tulikuwa tumempita bila kumtazama. Alikuwa ametundikwa ndani ya fremu, amekuzwa kufikia kimo cha mlango: kijana amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega, nyuma yake pazia la studio lililochorwa milima. Chini yake wameandika: Msafiri wa zamani.

"Watoto wa shule wanampenda," Pendo akasema kwa sauti ndogo. "Wanapiga naye picha."

Mjini kote walishamwona. Aliyeomba kumwona nilimrudisha mimi.

Holo ndiye aliyeamua. Ana hulka ya mama yake, marehemu mke wangu: hakemei, anakupangia safari. Jumatatu tulikuwa ndani ya gari la Runzewe. Fundi baiskeli tulimpata bila shida, sasa anatengeneza pikipiki, mvi kichwa kizima. Nilipotaja jina la dada yake aliweka spana chini.

"Nkwimba tulimzika," akasema. "Mwaka juzi."

Akatuketisha, akatuletea maji. Akatueleza kwamba barua ya mtendaji dada yake aliihangaikia. Wa Nzega alimwambia kifo hakikutokea kwake, wa huku akamwambia ndoa haikufungwa kwake. Alipochoka akaanza kulima. "Unajua kilichomsumbua uzeeni?" akaniuliza. "Aliniambia, kaka, sura ya Limbu imenitoka. Nakumbuka viatu, nakumbuka shati, uso sioni kitu. Alikuwa anaona aibu kama mtu aliyefanya dhambi."

Holo alisema pole kwa niaba yetu sote wawili.

Yule mtoto wa mgongoni anaitwa Mhoja. Ni mwanamke mtu mzima sasa, ana duka la vyakula Nyasubi, Kahama, mwendo wa kutembea kutoka nyumbani kwangu. Nimewahi kununua chumvi kwake. Mjomba wake alimpigia simu mbele yetu, akaongea naye Kisukuma, kisha akanipa. Nikajieleza, nikamwambia picha iko wapi. Nilipomaliza akasema, "Lini tunakwenda?"

Tulikwenda Alhamisi, yeye, Holo na mimi. Njia nzima hakunisemesha. Alipofika mbele ya ile picha alisimama muda mrefu, mkono ukiwa shingoni. Nilidhani atalia.

"Ni mtoto," akasema. "Jamani. Kumbe alikuwa mtoto tu. Ningekutana naye sokoni ningemwita mdogo wangu."

Akasogea, akalinganisha pua na kidole chake, akagusa kidevu chake mwenyewe. "Mama alikuwa ananiambia nimechukua sura yake. Nijitazame kwenye kioo nitamwona." Akatikisa kichwa. "Sifanani naye hata kidogo."

Akamwomba Pendo picha yenyewe, ile ndogo halisi, hiyo kubwa wabaki nayo. Pendo akampigia simu mkubwa wake. Niliiona sura yake ikibadilika kabla hajakata.

"Dada, samahani. Anasema ulete barua ya mtendaji. Inayothibitisha undugu. Yenye mhuri."

Mhoja hakubisha. Alichukua mkoba wake akauweka begani, kama mtu aliyekuja akijua. Mwendo ule niliwahi kuuona, ukielekea mlango uleule.

"Pendo," nikasema. "Mpigie tena, nipe simu."

Nilimwambia mkubwa wake kwamba mimi ndiye karani aliyepokea lile sanduku, mwandiko ulio kwenye karatasi ya mpini ni wangu, daftari lao likiwepo wafungue, wataukuta tena na jina la Nkwimba na Runzewe. Nikamwambia nitaandika kwa mkono wangu na kuweka dole gumba, picha ikija kudaiwa na mwingine wanifuate Nyahanga. Akasema utaratibu, mzee. Nikamwambia mwanangu, utaratibu huo nilimwekea mimi huyu binti akiwa bado mtoto wa mgongoni, mama yake akafa akiungojea. Akauliza daftari liko wapi. Pendo alikuwa tayari ameshalitoa kwenye kabati la kioo, analifunua ukurasa kwa ukurasa. Jina lilikuwepo. Nimeandika vizuri kabisa, bila kufuta popote.

Picha ilitolewa ndani ya bahasha ya khaki. Ni ndogo, inatosha kiganjani. Mhoja aliitia ndani ya kitabu chake cha sala akakibana kwapani.

Kwa hiyo nawaambia, kanuni niliyofundishwa ilikuwa nzuri na iliwalinda wengi. Ishikeni. Lakini mtu akipiga magoti mbele yenu na kusema vunjeni kufuli mbele ya watu, vunjeni. Mtajibu baadaye. Mimi nilijilinda nisijibu, na nimekuja kujibu nikiwa mzee, kwa mtu ambaye hayupo kunisikia.

Tulipokuwa tukingoja gari barabarani, nilimwambia Mhoja kwamba naomba radhi. Alitazama upande wa reli.

"Sijui, mzee. Nikisema nimekusamehe leo nitakuwa nakudanganya."

"Sawa, mama."

Gari likaonekana kwa mbali na vumbi lake. Holo akaanza kukusanya mifuko. Ndipo Mhoja akanigeukia.

"Wewe uliongea naye."

"Kidogo. Wakati nafunga karatasi kwenye mpini."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikujua kama ninayo. Lakini nilipoanza, ikaja. Nikamwambia alikuwa na sauti nyembamba kuliko mabega yake, anaongea polepole, na neno likimkwama anacheka kwanza ndipo linatoka. Aliniuliza kama sanduku litakaa mbali na dari inayovuja. Aliniuliza kama samaki wa Geita wana miiba mingi, kwa sababu mke wake mjamzito alikuwa na hamu ya samaki. Halafu akaniambia kitu bila mimi kumwuliza, kama vijana wanaotarajia mtoto wa kwanza wanavyomwambia kila mtu: "Mtoto huyu ananijua tayari. Nikinyamaza analala. Nikiongea tu, anacheza tumboni, mpaka mama yake ananiambia nyamaza nipumzike."

Gari lilisimama mbele yetu, konda akapiga ubavu wa gari akiita Kahama, Kahama. Mhoja alikuwa amefumba macho.

"Rudia," akasema.

Holo akampungia konda mkono aende. Nikarudia.